Mbono wa Marehemu

Basi la Mlandizi lilikuwa halijatoka Maili Moja, na tayari Maulidi, mkulima wa Ruvu, alikuwa amemweleza bibi aliyekaa naye, kiti cha mbele yangu, kwamba atang'oa muhogo wake wote apande mbono. "Kuna watu wamekuja, bibi. Mbegu zake zinakamuliwa mafuta ya magari. Watanunua zote."

"Hata kwetu Kisarawe walikuja," alisema bibi. "Jirani zangu waling'oa mihogo. Mimi mbono nilimpandia marehemu mume wangu tu, pale kaburini kama desturi yetu, maana yeye haulizi tena chakula."

Niligeukia dirishani ili nicheke kwa adabu.

"Na hao jirani?" Maulidi aliuliza.

"Wanunuzi waliondoka. Mbegu ya mbono ni sumu, mwanangu, huitii chunguni. Jirani wakaja kwangu kuomba miti ya muhogo wapande, hata walioniita mshamba. Nikawakatia wote."

Nilimtazama upya yule bibi. Mimi nisingewapa hata kisamvu.

"Hawa wa kwetu ni wengine," Maulidi alishikilia. "Wana gari jipya."

"Na wale walikuwa nalo. Ndilo waliloondoka nalo."

Misugusugu basi lilisimama, bibi akashuka, konda akamshushia fungu la miti ya muhogo anayompelekea binti yake. Bibi alichomoa mmoja, akampitishia Maulidi dirishani.

"Bibi, nimesema sipandi muhogo!"

"Nimekusikia. Shambani panda mbono wako. Huu uchomeke nyuma ya nyumba, mwakani jirani zako watakuja kuomba."