Eduviges Rondón na Maji ya Muhogo Mchungu

Ndugu na majirani wa Guisa, leo tunamsindikiza Bibi Eduviges Rondón Tamayo. Mimi ni Otilia, mjukuu wake wa kwanza. Nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu wengine wote nyumbani wangelia kabla ya kufika katikati.

Alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1872, hapa hapa milimani, binti wa Ciriaco Rondón na Leonor Tamayo. Vita vyetu vya kwanza vya kudai uhuru dhidi ya Uhispania vilikuwa vinaendelea, hivyo alibebwa mgongoni kukimbizwa porini kabla hajajua kutembea.

Shule hakuiona. Mama yake alimfundisha kukuna muhogo mchungu, kuukamua hadi sumu yote itoke, na kuoka casabe, ule mkate mkavu ambao hakuna nyumba hapa isiyoula. Kusoma alifundishwa ukubwani na majeruhi mmoja, Evaristo Cutiño wa Baire, aliyekuwa hana la kufanya akingoja mguu wake uunge.

Vita viliporudi mwaka 1895, wanaume walichukua mapanga, Bibi akachukua majeruhi. Aliwaficha kwenye kichaka nyuma ya shamba la muhogo, akawaosha vidonda kwa majani ya mpera na kuwalisha casabe. Alifuga kuku lakini jogoo hakutaka hata kumwona, asije akawika akawaita maadui.

Septemba 1896 maadui, askari wa Uhispania, walikuja bila kuitwa. Walikuwa na kiu. Mmoja wao, kijana asiyeijua nchi hii, aliona chombo cha maji meupe yaliyokamuliwa kwenye muhogo, akachota kikombe.

"We kijana, mwaga hayo!" Bibi alipiga kelele. "Ni sumu!"

Sajini wao akacheka. "Bibi mchoyo wee, unatunyima maziwa?"

"Haya, kama mimi hamniamini, mwaminini huyu." Akamnywesha kuku wake aliyekuwa akitaga vizuri kuliko wote. Haikuchukua muda kuku akaanguka.

Sajini alivua kofia. Walikula casabe, wakanywa maji ya kisima, wakaenda zao bila kupekua kichaka. Bibi alituambia mara nyingi: angewaacha wanywe, kesho yake lingekuja jeshi zima kuchoma kila kitu, na majeruhi wasingeweza kukimbia. Lakini pia alisema, "Yule kijana alikuwa na mama yake." Mimi nayaamini yote mawili.

Mwaka 1899 alifunga ndoa na Nicasio Barreiro, mpandisha mizigo kwa nyumbu, katika kanisa la Guisa. Walipata watoto wanne, mmoja ametangulia mbele ya haki. Babu alifariki mwaka 1927.

Bibi alitaka kitu kimoja tu maishani, na sitakificha leo: bendera juu ya jeneza lake, kama wanavyozikwa wapiganaji. Aliomba mara mbili kwenye chama cha wapiganaji wa zamani. Mwenyekiti akamjibu mbele ya watu, "Mama, wewe uliokoa askari wa Uhispania."

Bibi akamtazama juu hadi chini. "Na ningewaacha wafe, mwanangu, hivi viti vyako vingekaliwa na nani?"

Ukumbi, uliokuwa na majeruhi wake kadhaa, ulicheka, ila bendera hakupewa. Iliniuma, na inaniuma hadi sasa.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana. Hata hivyo aliendelea kuoka, akimgombeza daktari aliyejaribu kumsaidia kwamba mkate anaouoka yeye ni mnene mno. Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 1939, mikononi mwa mama yangu.

Ameacha watoto watatu, Amparo, Leoncio na Digna, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu, na dada yake Fidelina. Na ameacha majeruhi wake waliobaki, pamoja na watoto wao, ambao bila yeye wasingezaliwa.

Asubuhi hii, kabla hatujatoka nyumbani, mmoja wao alifika kwa mkongojo. Ni Mzee Evaristo. Alifungua bendera aliyojiwekea sandukuni miaka yote kwa ajili ya maziko yake mwenyewe, akaitandaza juu ya jeneza hili mnaloliona.

Mama akamwambia, "Mzee wangu, na wewe je, siku yako?"

"Mimi bado natembea, binti," akasema. "Na miguu hii ni yake."

Bibi Eduviges, umeipata. Ulale salama katika ardhi uliyoipigania.