Mke wa Fundi Anapita

Benchi liko nje ya kibanda cha Fundi Viatu, na jioni lina wenyewe: Profesa, kinyozi asiyewahi kukosa jibu, na Breki, dereva mstaafu anayepima kila kitu kwa gari. Birika la kahawa hukaa katikati yao. Fundi hukaa pembeni na nyundo yake, akicheka wanapocheka. Leo kicheko kilimtoka kwa taabu. Asubuhi mkewe alimwambia anafikiria kuacha matibabu, na hakusema kwa nini.

Ndipo mkewe akapita, raba miguuni, mikono ikienda mbele na nyuma, macho hayageuki.

— Shemeji huyoo! — Breki akapaza sauti. — Gia ya nne!

— Mwache bwana, katumwa na hospitali, — alisema Profesa. — Si ana vile vifuko kwenye ovari? Homoni zimevurugika, tumbo linamuuma, mwezi unapita, siku zake hazionekani.

— Sasa ndiyo anazikimbilia?

— Kutembea ni nusu ya dawa. Nusu ni kukandwa. Kuna mama pale hospitali anamkanda kiuno na tumbo. Eti Fundi?

— Kila Jumanne, — Fundi alijibu bila kuinua kichwa.

— Mimi nawaambia hiyo ni gia boksi, — alisema Breki. — Oili imeganda. Ukikanda inapata moto, ukitembea inazunguka.

— Oili! Mwanamke si lori, wewe. Ni mishipa. Mshipa wa ovari unaanzia kisiginoni. Akikanyaga kwa nguvu, huku juu kunafunguka.

— Basi aruke kamba, amalize wiki hii hii.

— Thubutu! Akiruka vifuko vitapanda kifuani. Atembee kinyumenyume, virudi vilikotoka.

Wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, kidogo. Yapo aliyoyajua kuliko wao: soli za raba zile alikuwa amezibadilisha mara mbili kwa miezi mitatu, na zililika sawasawa pande zote, dalili ya mtu asiyekwepa mwendo. Alijivunia jambo hilo, ila hakuwahi kumtajia mtu.

Dada mmoja mgeni, aliyesimama muda wote akingoja kiatu chake kishonwe, akauliza:

— Kwani hayo maumivu yake yamepungua?

Profesa akanywa kahawa. Breki akamtazama Fundi. Fundi akakitazama kiatu cha mteja. Siku ya kliniki aliijua, soli alizijua, hilo hakulijua.

— Samahani dada, nakuja sasa hivi.

Akatoka mbio na aproni yake. Alimfikia mkewe karibu na kona, pumzi juu juu.

— Mke wangu, eti... bado unaumwa?

— Miezi mitatu, leo ndiyo unakuja kuniuliza barabarani? — Hakupunguza mwendo. — Maumivu yamepungua. Hata siku zangu mwezi huu nimeziona. Kinachonichosha hadi nitake kuacha ni kupita pale kila jioni. Hao wengine nawasamehe, lakini sauti yako naisikia ikicheka nao.

Fundi alikosa pa kuweka uso. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona tangu amuoe. Alitaka kumwomba asimame wazungumze, lakini mkewe alikuwa ameshamwacha hatua kumi, ikabidi akimbie tena.