Marehemu Kheir Abrahman na Yai la Dubu-maji

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye Kwake tumetoka na Kwake sote tutarejea. Wasifu huu umesomwa na Nahodha Abrahman, mdogo wake marehemu, katika hitma iliyofanyika nyumbani kwa marehemu, Kiponda, Mji Mkongwe, Jumapili tarehe 16 Novemba 2025.

Marehemu Kheir Abrahman Borafya alizaliwa Makunduchi tarehe 3 Machi 1955, mtoto wa kwanza wa Mzee Abrahman Borafya, mkulima, na Bi Ummkulthum Amour. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba Kheir akitumwa dukani asubuhi hurudi jua limeshapanda, si kwa utundu wala kwa mchezo, bali kwa kuwa kila jiwe la njiani lilibidi ligeuzwe, litazamwe chini yake kuna nini. Alichapwa kwa hilo na hakuacha.

Alisoma chuoni akahitimu msahafu angali mdogo, na skuli ya msingi aliisoma hapo hapo Makunduchi. Mwaka 1970 alikuja mjini kwa masomo ya sekondari, akakaa kwa shangazi yake Jang'ombe. Darasani ndiko alikoiona hadubini kwa mara ya kwanza. Ilikuwa moja kwa wanafunzi wote, na kila mmoja aliruhusiwa kutazama kidogo tu ampishe mwenzake. Kheir alirudi tena na tena nyuma ya foleni mpaka mwalimu akamshika sikio.

Mwaka 1975 aliajiriwa Kizimbani, kwenye shamba la serikali la karafuu na viungo, akawa fundi wa maabara hadi alipostaafu mwaka 2015. Kazi yake ilikuwa kutayarisha majani ya mikarafuu na midalasini yenye maradhi ili yachunguzwe. Wenzake wanamkumbuka kwa upole wake na kwa maneno yake mawili, "bado sijajua", ambayo aliyasema bila ya haya hata mbele ya wageni waliokuwa na haraka zao.

Tarehe 12 Agosti 1983 alimuoa Bi Salhiya Hamid, wa Jang'ombe. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu: Riyama, Junaid na Ilham. Waliomjua Bi Salhiya wanajua kwamba nyumbani kwake vumbi halipati pa kukaa. Basi fikirini alivyokuwa siku mumewe, baada ya kustaafu, alipoanza kuingia ndani na mifuko ya kigoga, yale majani laini ya kijani yanayoota kutani penye unyevu.

Riyama alikuwa amemletea baba yake hadubini iliyokwishatumika, akaiweka juu ya meza ya cherehani karibu na dirisha. Marehemu alikibandua kigoga kwenye ukuta wa uani, chini ya mchirizi wa paa, akakiroweka maji katika kibakuli, akakiacha mpaka asubuhi, kisha akakikamua na kuyatazama yale maji tone kwa tone. Alikuwa akimtafuta dubu-maji, mdudu asiyeonekana kwa macho, mwenye miguu minane na makucha, ambaye kigoga kikikauka hujikunyata akawa kama pipa dogo na kulala, hata kwa miaka, mpaka apate maji. Wiki nyingi hakuona ila mchanga na minyoo.

Maji aliyotumia ni ya mvua, kwa sababu maji ya bomba yana dawa. Siku moja mtungi ulikuwa mkavu. Akafungua friji, akaona chupa ya maji safi isiyo na alama yoyote, akamimina. Ilikuwa zamzam. Bi Mwanakhamis, dada yake Bi Salhiya, alikuwa ameileta kutoka Umra, na Bi Salhiya akiitunza kwa ajili ya wagonjwa.

"Kheir! Zamzam unawapa wadudu?"

"Sikujua, Bi Salhiya. Wallahi sikujua."

"Na wameinywa?"

"Wameamka," akasema marehemu, na pamoja na kosa lake lote hilo hakuweza kuficha furaha. "Nshawaona. Wawili."

Bi Salhiya akavuta kiti. "Hebu nipishe. Nnataka kuwaona hao waliokunywa zamzam yangu."

Akainama, akatazama, na nyumba nzima ikangoja ghadhabu. Mara akaanza kucheka. Mdudu alikuwa mnene, anajikokota na makucha yake kama mzee anayetafuta kiatu gizani. Zogo likaishia hapo, ingawa tangu siku ile kila chupa ndani ya friji iliandikwa jina.

Marehemu alijifunza kuwapambanua. Kuna wekundu wenye magamba mgongoni, na hao hakuona tabu kuwatambua. Weupe laini wa ukuta wake ndio waliomshinda, maana hao wanafanana mno, na jamii yao hujulikana kwa mayai. Yai lenyewe lina miiba pande zote kama tunda la shokishoki. Miiba ikiwa imechongoka ni jamii moja. Ikiwa na vichwa bapa ni nyingine. Marehemu alitaka sana kulijua hilo kabla hajafa, na aliwaambia hivyo watu wa nyumbani bila ya kuzunguka. Mdogo wake alimtania, "Kaka, mpe jina lolote, nani atakuuliza?" Akajibu, "Nikimpa jina silo lake, nitakuwa nimemsingizia." Miaka ikapita, na yai halikuonekana.

Mwaka 2021 alipatwa na presha ya macho. Likazima la kushoto, na la kulia likafuata. Ilimuuma sana, na si kweli kwamba alipokea kila kitu kwa tabasamu. Ziko siku alikaa mbele ya ile hadubini na kulia. Bi Salhiya ndiye aliyekaa kwenye kile kiti badala yake, akitazama na kumsimulia, naye akiuliza. Mwaka 2024 figo nazo zikaanza kumsumbua. Alitibiwa hapa mjini na Dar es Salaam, na mwezi uliopita aliomba arudishwe nyumbani.

Jumatano jioni, tarehe 12 Novemba, Bi Salhiya alisema ameliona yai.

"Miiba yake?" akauliza marehemu kutoka kitandani. "Ina vichwa au imechongoka?"

Umeme ulikuwa umekatika na mwanga wa dirishani umefifia. Bi Salhiya alitazama kwa muda mrefu.

"Sioni, Baba Riyama. Ningekwambia lolote, ukafurahi."

"Usiniambie lolote."

"Sikwambii. Nnakwambia sioni."

Marehemu aliushika mkono wake. Bi Salhiya akatia tone la maji juu ya kile kioo chenye yai, lisikauke, akakifunika kwa bakuli, kisha akakaa naye. Marehemu alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 13 Novemba, akiwa na umri wa miaka sabini, na alizikwa siku hiyo hiyo Makunduchi baada ya sala ya adhuhuri.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake mmoja. Familia inawashukuru majirani wa Kiponda, wenzake wa Kizimbani, na wote waliosali, waliochimba na waliopika.

Bi Salhiya yumo edani na hakuweza kusimama mbele yenu. Jana asubuhi, umeme uliporudi, aliliinua lile bakuli na kutazama. Ameomba jawabu liandikwe hapa, kwa vile aliyeuliza hayupo tena wa kuambiwa: ina vichwa. Vichwa bapa, vyote, na ameviona vizuri.

Ewe Mola wetu, mrehemu mja wako Kheir, lipanue kaburi lake, litie nuru, na umjaalie kuyaona yale ambayo macho yake hayakufika. Amin.