Bwana Hollis Anapata Jumamosi Yake

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya michezo ya Chuo cha Cane Fork, hapa Alabama, Bwana Hollis Pettway anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Mei. Jumamosi yake ya kwanza bila kazi itakuwa ya kiangazi, isiyo na mechi, kwa hiyo haihesabiki. Tusubiri Septemba, msimu wa mechi unapoanza.

Aliajiriwa kupaka chokaa mistari ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani, akapanda hadi kuwa mratibu wa ratiba. Ni cheo kinachomfanya mtu achukiwe kwa zamu: na televisheni inayotaka mechi ya usiku, na wazazi wanaotoka mbali, na wauza karanga za kuchemsha wasiopenda jua la mchana. Cheo hichohicho kilimpa amri juu ya radi. Ikimulika karibu na uwanja, wachezaji wanavua helmeti na kuingia ndani, majukwaa yanaachwa matupu, na nusu saa ya kungoja inaanza. Ikimulika tena, hesabu inaanza upya. Kocha wetu, Dub Rainey, husema, "Huyu mzee hata Mungu amwambie mvua imekwisha, atamjibu asubiri nusu saa."

Si kwamba alikuwa bingwa wa kutabiri. Mwaka mmoja alisogeza mechi ya wahitimu wa zamani hadi asubuhi akihofia dhoruba. Jua likawaka hadi magharibi, na wahitimu wakafika na majiko yao ya mbavu za nguruwe wakati mechi inaisha. Waliwasha moto hivyohivyo. Bwana Hollis alizomewa vya kutosha, akala sahani mbili.

Huku kwetu mtu haoi Jumamosi ya mechi. Akithubutu, atafunga ndoa mbele ya viti vitupu, na mchungaji mwenyewe atakuwa na redio mfukoni. Ndiyo maana Lorraine, binti wa Bwana Hollis, alipochumbiwa, alimwomba baba yake amchagulie tarehe, naye akampa Jumamosi pekee ya Oktoba ambayo hatukuwa na mechi. Septemba kimbunga kikapiga pwani, mechi moja ikaahirishwa, na siku pekee ambayo timu zote mbili zilikuwa huru ilikuwa hiyohiyo. Aliyeidhinisha ratiba mpya ni Bwana Hollis.

"Mechi saa sita, harusi saa kumi na moja," alimwambia binti yake. "Nitawahi, mwanangu."

Katika robo ya tatu radi ikamulika, akasimamisha mchezo. Ikamulika tena, na tena. Suti yake ilikuwa imetundikwa ofisini kwangu, chumba cha tiketi. Ilipofika saa kumi anga lilikuwa jeupe, lakini nusu saa haijatimia, na mwingine mwenye amri hiyo hakuwepo.

"Mzee Hollis, achia mpira uchezwe!" Kocha Rainey alimsihi. "Mtoto anakungoja kanisani, bwana!"

"Na hawa humu ndani ni watoto wa nani?" alijibu, akaendelea kutazama juu.

Radi haikupiga kitu chochote. Mechi tulishindwa. Lorraine alisindikizwa na mjomba wake, na Bwana Hollis aliingia keki ikikatwa, viatu vimejaa tope. "Baba, tarehe ulinipa wewe mwenyewe," alimwambia, na hakuzungumza naye hadi Krismasi. Nilimwonea uchungu Lorraine, na bado namwonea.

Idara inamshukuru Bwana Hollis kwa kila mchezaji aliyerudi kwa wazazi wake akiwa mzima, na kwa kuvumilia simu zetu.

Oktoba hii Lorraine na mumewe wanasherehekea miaka ishirini ya ndoa. Kwa makusudi kabisa wamechagua Jumamosi ya mechi, saa kumi na moja jioni. Bwana Hollis amethibitisha kwamba atafika, tena mapema, na atamsindikiza binti yake hadi mezani.

Tunakutakia Jumamosi njema, Bwana Hollis. Na radi ikimulika, kaa hapohapo ulipo.