Mwalimu wa Kosa la Siku

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, kipindi cha mwisho kikiisha, mwalimu wetu wa Darasa la Tatu B atakabidhi funguo za kabati lake baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha. Ishirini na sita kati ya hiyo ameitumikia hapa kwetu. Kamati ya sherehe iliponiambia nimwandikie wasifu, nilidhani wananitania. Mimi ni mhudumu wa ofisi, kazi yangu ni chai, funguo na barua, na masomo yangu yaliishia shule ya msingi. Kumbe mwenyewe ndiye aliyenitaja. Alisema walimu wenzake watamsifu tu, ila mimi nitasema kweli. Basi nimeomba dua, nikakaa, na kweli ndiyo hii.

Alipofika hapa alikuwa mwembamba, mwenye viatu virefu na sauti ya kutikisa mabati. Watoto walimwita Mwalimu Radi. Hata sisi watu wazima tulimwogopa kidogo. Mlinzi wetu wa zamani aliapa kwamba Mwalimu akinguruma kule darasani, yeye huku getini hujikuta amesimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. Darasa lake lilikuwa kimya hata unasikia chaki ikikwaruza, na kila mkuu wa shule aliyepita alilitoa kama mfano wa nidhamu. Alipanga ratiba ya shule nzima kwa mkono miaka tisa mfululizo, na hakuna siku vipindi viwili viligongana. Walimu wanafunzi waliopita mikononi mwake hawapungui arobaini.

Sasa nije kwenye jambo aliloniruhusu nilisimulie. Miaka saba iliyopita, kitinda mimba wangu aliingia Tatu B. Nyumbani alikuwa mtoto asiyenyamaza hata akitafuna. Muhula wa kwanza akaitwa ubaoni kutoa jibu la hesabu, akakosea, na Mwalimu akanguruma mara moja tu, kama kawaida yake. Hiyo mara moja ilitosha. Tangu siku hiyo binti yangu hakufungua mdomo darasani. Jina lake likiitwa aliinua mkono, basi. Kila asubuhi ya shule tumbo linauma, Jumamosi tumbo limepona. Baba yake akasema tumhamishe. Na mimi kila siku saa nne nilimmiminia chai mwalimu yuleyule, na nikashindwa kumwambia neno. Niliomba Mungu, nikanyamaza, nikaomba tena.

Wakati wa likizo mkuu wa shule alimpeleka Mwalimu semina ya siku tatu kuhusu ubongo na jinsi watoto wanavyojifunza. Aliondoka akinung'unika kwamba amefundisha miaka ishirini na saba bila kujua ubongo umekaaje, na watu walifaulu. Alirudi mwingine. Siku ya kwanza ya muhula wa pili alikuja kwenye chumba changu cha chai, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na kikombe hakukigusa. Akanieleza kwamba ndani ya ubongo kuna kisehemu kidogo kama lozi ambacho hupiga king'ora mtu akihisi hatari. King'ora kikilia, sehemu ya mbele, ile ya kufikiri, hupungukiwa nguvu. Mtoto anatazama ubao, lakini akili yake inatafuta pa kukimbilia, na hesabu haiingii. Hatari hiyo si lazima iwe simba. Sauti ya mwalimu inatosha.

"Dada," akaniambia, "ule ukimya niliosifiwa miaka yote, nusu yake ulikuwa woga. Na binti yako, najua ni mimi."

Mimi niliyekuwa nimepanga maneno miezi mitatu mizima, nikajikuta nasema tu, "Kunywa chai, Mwalimu, inapoa."

Kubadilika hakukuwa lelemama. Alianza kusimama mlangoni kila asubuhi, akimsalimia kila mtoto kwa jina lake. Siku ya kwanza watoto walidhani anakagua kucha, wakapanga foleni wamenyoosha vidole. Kisha akaleta zoezi la kuvuta pumzi taratibu ili miili itulie. Akalifanya saa saba mchana, matumbo yameshiba, na alipofumbua macho nusu ya darasa limelala, mmoja anakoroma. Akalihamishia asubuhi. Ile sauti ilimtoroka mara kadhaa, na ikimtoroka alisimama mbele yao akasema, "Samahanini, king'ora changu kimelia," akaanza upya. Kwenye chumba cha walimu walimcheka sana. Mwalimu wa sayansi alimwambia amegeuza darasa kuwa saluni. Akamjibu kwamba saluni, angalau, watu hurudi kwa hiari yao.

Lakini lililomtambulisha ni Kosa la Siku. Kwenye kona ya ubao alichora kisanduku. Kila siku liliandikwa humo kosa moja lililolifundisha darasa kitu, na likakaa hapo mpaka jioni bila kusahihishwa. Aliyelifanya ndiye peke yake mwenye haki ya kulieleza. Kucheka kosa ruksa, kumcheka mtu marufuku. Alisema kosa likitazamwa bila woga, ubongo hulishika somo vizuri zaidi. Wiki mbili za mwanzo makosa yote yalikuwa yake mwenyewe, na nasikia hakuwa na shida ya kuyapata. Polepole watoto wakaanza kukigombania kisanduku.

Binti yangu hakugombania kitu. Mwalimu hakumlazimisha. Alimsalimia mlangoni kila asubuhi, na kile kichwa kilichoinama akakipokea kama salamu kamili. Muhula wa pili ukaisha hivyo hivyo. Wa tatu ulipoanza, baba yake akaleta fomu za uhamisho, zikawa juu ya kabati letu zinangoja sahihi yangu. Niliahidi kuweka sahihi mwisho wa mwezi.

Mwezi haujaisha, akaja mkaguzi bila taarifa, mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni. Nilikuwa napeleka birika kwa mkuu. Nilipopita kwenye korido nikamwona amesimama mbele ya ubao wa Tatu B kama mtu aliyekanyaga msumari. Kwenye kona imeandikwa: 7 × 8 = 54. Akafungua daftari akaandika sentensi ndefu. Halafu akageuka akauliza ni nani aliyeandika upuuzi huu.

Mwalimu angeweza kujibu. Kosa lile lilikuwa la binti yangu. Asubuhi ileile alikuwa amemsogezea Mwalimu daftari lake bila neno, akaonyesha kisanduku kwa kidole. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba alijiuma ulimi, na kama mtoto angeanza kutetemeka angelibeba kosa lile yeye, kazi iende au ibaki.

Nikasikia kiti kinasogea.

"Ni langu, mzee. Nilijua saba mara saba ni arobaini na tisa. Ilibaki niongeze saba, nikaongeza tano kwa sababu nilikuwa na haraka. Jibu ni hamsini na sita. Ila usilifute, linakaa mpaka jioni."

Ilikuwa sauti ya mwanangu. Mkaguzi akamwuliza kama haogopi kuonyesha kosa lake mbele ya mgeni. Akasema anaogopa kidogo, lakini humu hawapigiwi kelele.

Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu muhula wa kwanza. Chai ilikuwa inamwagikia kiatu changu, sikuihisi. Mkuu alikunywa nusu birika siku ile na hakuuliza. Mkaguzi, Mungu amweke, alisoma kwa sauti alichokuwa ameandika, kwamba mwalimu huyu hajui jedwali la kuzidisha, akakikata mbele ya darasa zima. Watoto wakamwambia kosa lake nalo linafaa, likaandikwa chini ya lile la binti yangu. Jioni baba yake aliziteremsha zile fomu mwenyewe, akazikunja, akazichomeka chini ya mguu wa meza yetu inayoyumba.

Sitatia chumvi. Si kila mtoto wa Tatu B aligeuka kipanga wa masomo. Lakini mimi ndiye niandikaye majina ya watoto wanaoletwa ofisini wakiumwa tumbo. Kutoka darasa lake walikuwa watano kwa wiki, akabaki mmoja, na huyo alikuwa amekula maembe mabichi kweli. Leo madarasa manne yana kisanduku ubaoni. La mwalimu wa sayansi ni mojawapo, ingawa neno saluni hajaliondoa rasmi. Tulihofu nani atalipokea darasa, na hofu hiyo nayo imetutoka. Anayelipokea amekaa kiti cha nyuma mihula miwili akijifunza, na sauti yake, tunamshukuru Mola, ni ya chini kwa kuzaliwa.

Mwalimu anakwenda kuishi na mdogo wake, wenye magoti mabovu wote wawili, kila mmoja akidai yeye ndiye atakayemtunza mwenzake. Anasema hana majuto yaliyobaki, kwa kuwa yale aliyokuwa nayo aliyaomba radhi akiwa bado kazini.

Binti yangu sasa yuko sekondari. Hubishana na baba yake mezani kuanzia sahani ya kwanza mpaka maji ya kunawa, na baba yake hulalamika kwamba nyumba haina amani. Mimi huendelea kula, moyo umetulia.

Mwalimu, kwa kelele hizo nakushukuru. Shule nzima inakushukuru. Ulale mpaka utakapochoka kulala, afya isikukimbie, na Mwenyezi Mungu akutunze ulivyotutunzia watoto.