Tuongee Pamba Ikishavunwa

Ndani ya basi la Bariadi, Nyamizi alimwonyesha abiria wa pembeni, karani mstaafu wa mahakama, PF3, fomu ya matibabu aliyopewa polisi siku mumewe alipomvunja mkono.

“Fidia ya kupigwa hudaiwa ndani ya miaka mitatu, mama. Hii ina mitano.”

“Nilikuwa kwenye vikao, baba. Kila mwaka ukoo wake ulisema tuongee pamba ikishavunwa.” Mumewe alihudhuria vyote, tena kwa adabu.

“Mahakama haihesabu vikao vya ukoo.”

“Ingekuja ikae ukweni kwangu, tuone kama ingewakatalia wale wazee.”

Basi likasimama stendi. Nyamizi akamwomba amshushie begi kule juu. Mkono wake haufiki huko tangu ile tarehe ya kwenye karatasi.