Bibi Angetile na Sanduku Lililoshushwa Mtumbwini

Ndugu, jamaa na majirani mliovuka ziwa na mliokuja kwa miguu kulia pamoja nasi, haya ndiyo maisha ya mama yetu, Angetile Tuntufye, kama yalivyoandikwa na mjukuu wake Lusungu, aliyeishi naye hadi mwisho.

Marehemu alizaliwa hapa Ikombe mwaka 1931, akasoma hadi darasa la nne, kisha akaketi kwenye udongo pamoja na mama yake, akawa mfinyanzi maisha yake yote. Tarehe 6 Septemba 1952 alifunga ndoa na marehemu Eliud, mpiga kasia, wakajaliwa watoto watatu, Hezroni anayewasomea, Maria aliyeolewa Ipinda, na marehemu Anyisile.

Anyisile alifariki mwaka 1980 akiacha mtoto wa miaka miwili, bibi yake Angetile akambeba mgongoni huku akifinyanga, na mtoto huyo ndiye Lusungu. Alimfundisha kulainisha chungu kwa kokoto, kuwaamkia wakubwa, na kusema ndaga, yaani asante, kwa kila aliyemtendea jema, hata aliyemshikia kasia tu. Alimsomesha, na Lusungu alipofaulu darasa la saba mwaka 1992, marehemu alisimama sokoni Lyulilo akawaambia wauza samaki, "Huyu wangu anakwenda sekondari, nyie bakini na harufu zenu!", soko zima likacheka, na Lusungu akaamini.

Januari 1993, siku ya kwenda shule, mtumbwi ulikuwa umejaa vyungu alivyoviagiza Bwana Zubery, mfanyabiashara wa Kyela mjini, ambaye tangu serikali iruhusu biashara huria alikuwa akileta lori hadi Lyulilo, na bado vingine vilikuwa vimekosa nafasi. Marehemu alilishusha sanduku la Lusungu kwa mikono yake mwenyewe, akapanga vyungu mahali pake, akasema, "Lori halitungoji, mjukuu wangu, shule ipo tu, utakwenda safari ijayo." Safari iliyofuata nayo ikawa ya vyungu, na nyingine tena, hadi shule ikampa mtoto mwingine nafasi ile. Marehemu hakulitaja tena sanduku, na Lusungu alingoja alitaje.

Asubuhi ya tarehe 9 Mei 1995 marehemu alipooza upande wa kulia. Vyungu alivyofinyanga Lusungu vilikuwa vimekwisha kupakiwa mtumbwini kwa ajili ya soko, Lusungu akavishusha vyote mchangani, akatandika mkeka, akamlaza bibi yake pale vilipokuwa, wakaanza safari ya hospitali. Marehemu aliviangalia vyungu vile ufukweni hadi visionekane tena, akasema kwa ulimi mzito, "Ndaga, Lusungu," na tarehe 14 alifariki hospitalini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, wapiga kasia waliomrudisha nyumbani, wafinyanzi wenzake waliozima mioto yao, na Bwana Zubery aliyeleta sanda.

Lusungu naye anakushukuru, bibi, kwa mgongo uliombeba na kwa ufundi uliompa, na shukrani hiyo inatoka moyoni. Ndaga yako ameipokea, lakini silo neno alilokuwa akilingoja. Sanduku liko chini ya kitanda chako, sare ya shule imo bado, imekwisha kuwa ndogo.

Nenda ukapumzike, bibi, amani iwe nawe.